Mkonge, karafuu na goti la bibi

Goti la kulia la bibi limenifundisha kemia kuliko mwalimu yeyote, na nasema hivi nikiwa nimekaa madarasani miaka mingi kulisomea somo hilo.

Bibi anaishi Shela, hapa Malindi, si mbali na Msikiti wa Juma. Tangu ujana wake alikuwa mpishi wa harusi: masufuria ya pilau ya kulisha watu 300, kuinama, kuinuka, kusukuma kuni, kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi tangu alfajiri. Alipopita miaka 60 goti likaanza kufura. Asubuhi lilikuwa gumu kama mlango ulionyeshewa, na jioni ukilikaribisha kiganja unahisi joto lake kabla hujaligusa. Mtaani wakasema ni baridi yabisi, na kila jirani akaja na dawa yake.

Dawa ya bibi mwenyewe ilikuwa manjano. Alitwanga manjano mabichi kwenye kinu kidogo cha mbao, akatia pilipili manga iliyopondwa, akakaanga kidogo kwa samli, halafu akamimina maziwa ya moto juu yake. Nilipokuwa mdogo nilidhani pilipili ile ni ya ladha. "Bila pilipili manga manjano hayendi popote, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia. "Yanapita tu."

Nilipofika chuo nikakuta maneno yale ni kweli. Rangi ya manjano inatokana na kemikali iitwayo kukumini, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1815, na umbo lake likajulikana mwaka 1910. Ndani ya chombo cha maabara kukumini inazima uvimbe vizuri sana. Mwilini ni habari nyingine. Haipendi maji, kwa hiyo nyingi inapita tumboni bila kuyeyuka, na ile kidogo inayopenya ukuta wa utumbo inadakwa na ini, inabandikwa kitu mfano wa sukari ili itolewe, na safari yake inakwisha hapo. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kukumini pamoja na miligramu 20 za piperini, kemikali inayoipa pilipili manga ukali wake. Kiasi cha kukumini kilichofika kwenye damu kilipanda kwa asilimia 2000. Piperini inalichelewesha ini lisiifanyie haraka. Na samli nayo ina kazi yake, kwa sababu kukumini inayeyuka katika mafuta.

Bibi hakuibadilisha kukumini yenyewe. Aliibadilishia njia. Wanakemia wanakwenda hatua moja mbele, wanaishika molekuli na kuikata au kuiongeza. Mtu anaweza kuona udhaifu wa kukumini jikoni kwake: dondosha magadi kidogo kwenye maji ya manjano, rangi itageuka nyekundu papo hapo, na ukiyaacha yakae itaanza kuchakaa. Katikati ya molekuli ile pana kaboni mbili, kila moja imeshika oksijeni yake, na hapo ndipo inapokatika. Kuna wanaotengeneza kukumini yenye kaboni moja tu ya namna hiyo badala ya mbili, nayo inadumu zaidi. Mpaka leo hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kwenda kuinunua kwa kemisti, lakini kazi inaendelea, na mimi naifuatilia kwa hamu ya mtu aliyekunywa maziwa yale utotoni.

Goti la bibi, hata hivyo, halikupoa kwa manjano.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni aliponipigia simu, sauti yake imechangamka kama ya msichana. Amepata dawa. Mtu mmoja anauza unga wa kahawia kwenye vikopo vidogo, shilingi 500 kikopo, kijiko cha chai asubuhi na jioni. Miti shamba tupu, haina kemikali, ndivyo alivyoambiwa. Siku ya tatu goti lilipoa. Wiki ya pili alikubali kupika harusi ya watu 200 kule Barani, na akaipika, akasimama mwanzo hadi mwisho.

Nilifurahi mno, na sijajisamehe kwa furaha ile. Nilikuwa mwanafunzi wa kemia. Nilijua kwamba dawa ya mmea mara nyingi huingia pole pole, na kwamba kinachozima uvimbe wa miaka mingi kwa siku tatu lazima kiwe na nguvu kubwa. Badala ya kuuliza, niliona fahari. Likizo ilipofika nilimtafuta muuzaji nikamwomba anitajie mti, nikidhani nimepata utafiti wangu wa kumalizia masomo. Akaniambia ni siri ya wazee wake. Nikamheshimu, nikaondoka.

Miezi ikapita. Uso wa bibi ukajaa, ukawa mviringo. Wanawake wenzake wakamsifu: umekuwa mwezi wa kumi na nne, mama, wajukuu wanakutunza. Ngozi ya mikono yake ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, akijigonga kidogo tu kwenye sufuria panabaki alama ya zambarau. Kiu ikamzidi. Alipopimwa sukari kwenye kambi ya afya iliyowekwa karibu na soko, ilikuwa juu, na yeye hakuwahi kuwa na sukari maisha yake yote.

Kisha muuzaji akatoweka. Wengine walisema amekwenda kwao, wengine walisema amehamia mji mwingine. Kikopo cha bibi kikaisha siku ya Jumatatu. Alhamisi usiku mama alinipigia akilia: bibi hawezi kusimama, anatapika, anasema maneno hayaeleweki. Wakampakia kwenye tuktuk. Daktari wa zamu, binti mdogo kwa umri wangu wa sasa, alimpima presha mara mbili kwa sababu hakuamini ilivyoshuka. Alimtazama bibi usoni, akamshika mkono akaugeuza kwenye mwanga, akamuuliza mama swali moja tu: "Anatumia dawa gani za kienyeji, na ameacha lini?"

Wakamtundikia haidrokotizoni kwenye dripu. Asubuhi bibi aliomba uji.

Sababu yake ni hii, nami naieleza kwa kila anayenisikiliza. Juu ya kila figo pana tezi dogo linalotengeneza homoni ya kotisoli, ile ile ambayo ikiwa dawa huitwa haidrokotizoni, inayoushikilia mwili wakati wa shida na kuuzuia uvimbe usipite kiasi. Ukimeza dawa ya ukoo huo, yaani steroidi, kwa wiki nyingi, mwili unaona homoni ni tele na tezi zinalala. Ukiacha ghafla, dawa imekwisha na tezi bado zimelala. Ndiyo maana daktari anayekupa steroidi kwa muda mrefu anakupunguzia kidogo kidogo, na bibi ilimchukua miezi mingi kushuka ngazi hizo.

Mama alikuwa ameokota kikopo kwenye takataka. Kulikuwa na unga umebaki kwenye pembe za chini, hata kucha haijai. Nikarudi nao chuoni, nikamwomba fundi wa maabara yetu aniachie meza jioni moja. Nilinunua kwa kemisti tembe moja ya deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, nikaiponda. Unga wa kikopo nikauloweka kwenye kiyeyushi, na unga wa tembe vivyo hivyo. Kwa kijirija cha kioo chembamba kama unywele nikadondosha matone mawili, bega kwa bega, kwenye kibao kilichopakwa silika nyeupe, nikakisimamisha ndani ya chombo chenye kiyeyushi kimo cha nusu kidole. Kiyeyushi kinapanda kwenye kibao kama chai inavyopanda kwenye kipande cha sukari, na kila kemikali inabebwa nacho kwa mwendo wake. Zinazofanana zinafika mahali pamoja.

Nilingoja dakika 20 nikiwa nimesimama. Nilipokiweka kibao chini ya taa ya mionzi ya urujuanimno, uwanja wote uling'aa kijani, na juu yake palikuwa na madoa meusi. Upande wa kikopo kulikuwa na ukungu mrefu wa kahawia, rangi za majani, mambo mengi yaliyochanganyikana; huo kweli ulikuwa mti. Na katikati ya ukungu ule, doa moja jeusi, la duara, safi. Upande wa tembe kulikuwa na doa moja jeusi, la duara, safi. Yamekaa mstari mmoja.

Kwa haki niseme kwamba kibao kile hakitoshi kumpeleka mtu mahakamani. Deksamethasoni na betamethasoni ni karibu mapacha: tofauti yao ni kikundi kimoja cha kaboni, katika nafasi ya 16, ambacho kwa mmoja kimeelekea chini na kwa mwingine kimeelekea juu. Kibao changu kisingeweza kuwatenganisha kwa uhakika. Lakini kwamba ndani ya "miti shamba tupu" kulikuwa na steroidi, nilikuwa na uso wa bibi, sukari ya bibi, maneno ya daktari, na doa lile.

Nilikaa nalo usiku ule nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilitaka kuichukia kemikali. Ndipo nilipoanza kusoma ilikotoka.

Mwezi Septemba 1948, katika Mayo Clinic kule Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotizoni, ndugu ya kotisoli, mwanamke wa miaka 29 aliyelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache akawa anatembea. Dunia ilishangaa, na mwaka 1950 Hench na wanakemia Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Tatizo lilikuwa upatikanaji. Kotizoni ya mwanzo ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, na gramu moja ilikuwa mali. Wanakemia wakageukia mimea. Kule Mexico walitumia viazi vikuu vya mwituni. Na mwanzoni mwa miaka ya 1950 wanakemia wa Uingereza waligundua kwamba taka za mkonge wa Afrika Mashariki zina kitu kiitwacho hekojenini.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Mkonge wetu.

Ukitoka Malindi kwenda Mombasa, ukishapita Kilifi, barabara inakatiza katikati ya mashamba ya mkonge ya Vipingo, safu baada ya safu za majani ya kijivu yaliyochongoka. Ami yangu alikata mkonge pale miaka mingi. Nyuzi zinazotoka kwenye jani ni kama sehemu 4 tu katika 100 za uzito wake. Zote zilizobaki ni maji na rojo ya kijani inayonuka, inayotiririka kutoka kwenye mashine. Humo kwenye rojo ndimo ilimo hekojenini.

Kinachoipa thamani ni atomu moja ya oksijeni. Steroidi ni kama mtaa wa nyumba zilizopangwa kwa namba. Ili kotizoni izime uvimbe lazima iwe na oksijeni kwenye nafasi ya 11, na kuiweka pale ndiyo kazi iliyowatesa wanakemia wote. Viazi vya Mexico havina oksijeni jirani na hapo. Mkonge unayo kwenye nafasi ya 12, nyumba ya pili. Imebaki kuihamisha mlango mmoja. Kampuni ya dawa ya Glaxo ya Uingereza ikajenga utengenezaji wake wa kotizoni juu ya jambo hilo, kwa mkonge wa Afrika Mashariki.

Kisha marekebisho yakaendelea. Kuongeza kiungo maradufu kati ya kaboni ya 1 na ya 2, na dawa ikapata nguvu mara nne au zaidi: ndiyo prednisoloni, mwaka 1955. Kuongeza florini kwenye nafasi ya 9 na kikundi cha kaboni kwenye ya 16, na hapo ukapata deksamethasoni, yenye nguvu ya kuzima uvimbe mara 25 hivi ya kotisoli ya mwilini. Hiyo hiyo, Juni 2020, ilionyeshwa Uingereza kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Tembe ya bei ndogo kabisa. Mwaka ule nilipomsikia mtu akisema redioni kwamba dawa hiyo imeokoa maisha, nilimtazama bibi aliyekuwa anachambua mchele uani, na nilishindwa kusema lolote.

Ami alikuja kumwona bibi alipotoka hospitali. Ana mikono yenye makovu madogo madogo, kwa sababu maji ya mkonge yanawasha. Yakikudondokea kwenye ngozi panakuwa pekundu, panavimba, panawasha siku nzima. Nikamweleza habari ya hekojenini. Nikamwambia kwamba kwenye yale maji yaliyokuwa yakimwasha ndimo ilimotoka mali ghafi ya dawa za kutuliza kuwashwa. Alinyamaza muda mrefu. "Na sisi tulikuwa tunayamwaga," akasema, "tunashika pua."

Kwa hiyo swali ambalo watu wananiuliza kila wiki, je, hii ni ya asili au ni kemikali, mimi nimeacha kulijibu. Unga wa bibi ulikuwa na mti halisi ndani yake na ulikaribia kumuua. Steroidi iliyokuwa ndani yake ina ukoo unaofika mpaka kwenye jani la mkonge, na ndugu yake, kwenye mkono wa daktari aliyeipima, ndiyo iliyomrudisha bibi usiku ule. Mimi nauliza: molekuli hii ina umbo gani, imewekwa kiasi gani, na nani ameipima?

Nilipoingia shahada ya pili nilijua ninachotaka. Nilichagua karafuu. Watu wanaijua karafuu kwa mafuta yake ya jino, lakini ukishayatoa mafuta, kwenye makapi panabaki asidi ya oleanoliki, ile ile inayopatikana kwenye majani ya mzeituni. Ina uwezo mdogo wa kutuliza uvimbe. Nilitaka kuuongeza.

Nilinunua karafuu za Pemba sokoni, nikazichemsha kutoa mafuta hadi jengo zima likanukia kama chumba cha bibi harusi, nikakausha makapi, nikaanza kutenga. Wiki sita zilinipa unga mweupe usiojaza kijiko cha chai. Siku fuwele zilipoanza kujitokeza kwenye chupa, kama chumvi inavyojitokeza ukingoni mwa bwawa la maji ya bahari, nilimwita kila aliyekuwa korido ile aje aone.

Nikaibandika kikundi cha asetili. Ni kikundi kidogo, kaboni mbili tu, na nilikichagua kwa sababu ya ubani. Bibi hufukiza ubani kila Alhamisi jioni kwenye chetezo chake cha udongo; utomvu ule una asidi za boswelia, na katika zote iliyo kali zaidi dhidi ya kimeng'enya kimoja kinachochochea uvimbe ni mojawapo ya zile ambazo mti wenyewe umezibandika asetili. Niliwaza: ikiwa mti unafanya hivi, na mimi nifanye.

Kipimo chetu cha uvimbe kilikuwa cha kawaida katika fani hii tangu mwaka 1962. Panya anadungwa karajinani kidogo kwenye wayo, wayo unavimba kwa saa chache, nawe unapima. Karajinani inatokana na mwani mwekundu, jamii ile ile ya mwani inayolimwa na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale na wa Unguja. Tulikuwa na kibali cha kutumia wanyama na tulikuwa na idadi ndogo tuliyoruhusiwa, kwa hiyo kila panya alikuwa na uzito moyoni mwangu.

Panya waliopewa dawa yangu walivimba sawa na waliopewa maji matupu. Waliopewa indomethasini, dawa ya kulinganishia, nyayo zao zilishuka. Zangu hazikushuka hata kidogo. Nilirudia kusoma vipimo mpaka namba zikawa zinacheza machoni.

Mwalimu wangu alitazama daftari, akachukua chupa yangu, akatia chembe kwenye maji akatikisa. Unga ukaelea juu kama vumbi la unga wa ngano. "Umeifanya iyapende mafuta zaidi kuliko ilivyokuwa," akaniambia. "Umefikiria itakachofanya ikifika. Hujafikiria kama itafika."

Ni neno lile lile la bibi. Bila pilipili manga hayendi popote.

Molekuli ile ina ncha ya pili, yenye asidi. Tuliigeuza ncha hiyo kuwa chumvi ili ikubali maji. Safari hii uvimbe ulishuka, si kwa kiasi cha indomethasini, lakini ulishuka, na nilipata shahada yangu kwa hilo. Sikutengeneza dawa. Nilitengeneza hatua moja ndogo kwenye njia ambayo wengine wameshafika mbali. Huko Dartmouth, Marekani, waliichukua asidi hiyo hiyo ya oleanoliki wakaibadilisha kwenye pete ya kwanza na ya tatu ya umbo lake, wakapata bardoksoloni, yenye nguvu isiyolinganishwa na ile ya asili. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa figo wenye kisukari. Oktoba 2012 jaribio likasimamishwa, kwa sababu wagonjwa waliopewa dawa walikuwa wakipata matatizo ya moyo zaidi ya wenzao. Ndugu yake, omaveloksoloni, ikakubaliwa Marekani mwezi Februari 2023 kwa ugonjwa adimu wa neva uitwao ataksia ya Friedreich. Ukoo mmoja, mmoja alizuiwa, mmoja akapita.

Asetili ndiyo iliyonifikisha kwenye habari ambayo kwetu pwani haisomeki kama historia tu. Gome la msondo, mti ambao Waingereza huuita willow, lilijulikana Ulaya kwa kutuliza homa. Kutoka humo, mwaka 1838, Raffaele Piria alipata asidi ya salisiliki. Ilifanya kazi lakini ilichoma tumbo na ladha yake haivumiliki. Agosti 1897, kwenye kiwanda cha Bayer Ujerumani, Felix Hoffmann aliibandika asetili, ikapatikana aspirini. Baadaye, mwaka 1971, John Vane wa Uingereza alieleza kwamba aspirini inazuia mwili usitengeneze prostaglandini, zile zinazoleta uvimbe na maumivu. Kikundi kile cha asetili kinatoka kwenye aspirini na kukwama kwenye kimeng'enya chenyewe, kama kijiti kilichovunjikia ndani ya tundu la kufuli. Uzuri wa kemia hauzidi hapo.

Na ndani ya wiki mbili hizo hizo za Agosti 1897, mtu yule yule, kiwanda kile kile, alibandika asetili kwenye mofini ya afyuni. Haikuwa mara ya kwanza. Mwingereza mmoja alishaifanya mwaka 1874 bila kuiuza. Bayer wakaiuza kama dawa ya kikohozi, wakaiita Heroin. Asetili zile zinaifanya molekuli ipenye kwenye ubongo haraka kuliko mofini.

Tunaiita unga. Mtoto wa halati yangu, aliyenifundisha kuogelea pale ufukweni karibu na nguzo ya Vasco da Gama, tulimzika kwa sababu yake. Alikuwa na miaka 27. Nilipoyachora maumbo mawili hayo kwenye karatasi moja, aspirini upande huu na heroini upande ule, na kuzungushia asetili kwa kalamu nyekundu, mkono ulinitetemeka. Kikundi ni kile kile. Nilichokuwa nimekibandika mimi kwenye karafuu.

Siku hizi nafundisha kemia shule ya upili hapa mjini, na watu wananiletea vikopo. Vya magoti, vya mgongo, vya pumu. Siwezi kuvipima vyote, lakini fundi wa maabara ya chuo bado ni rafiki yangu, na taa ile bado inawaka. Ninachomwambia kila mtu kabla ya kibao chochote ni jambo moja: kama umeitumia kwa wiki nyingi usiache ghafla leo, ichukue kama ilivyo, na kikopo chake, umpelekee daktari, umwambie umeitumia tangu lini. Vikopo vyenye shaka kubwa tunaviandikia kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Wiki iliyopita mama mmoja alitoka Mambrui na kikopo ndani ya leso. Mama yake mzazi amepata nafuu ya ajabu, alisema, ila uso umemjaa. Bibi alikuwa amekaa barazani akimenya vitunguu thaumu. Aliomba kikopo, akakifungua, akanusa.

"Muulize mama yako," akamwambia yule mama, "alipona siku ya ngapi."

"Siku ya tatu, bibi."

Bibi alikifunika kikopo akanipa mimi. Kisha akamwambia yule mama aketi, anywe kahawa kwanza, maana gari la kwenda hospitali halikosekani.